Bunduki Iliyotafunwa na Mbwa

Erie, Pennsylvania
9 Juni 1974

Kaka Lamar,

Salamu nyingi kutoka huku ziwani. Sisi wazima, isipokuwa mgongo wa shemeji yako Russ, ambao unamsumbua tangu wamhamishie kwenye kuinua magurudumu ya treni kule kiwandani. Ukimwambia aende kwa daktari anakutazama kana kwamba umemtukania mama yake. Nyanya zangu zimeshika vizuri mwaka huu. Na wewe je? Majani ya ng'ombe umeshakata? Na Baba, macho yake yanaendeleaje? Kwenye kadi ya Pasaka alisaini jina lake juu ya picha ya sungura.

Ningekupigia simu, lakini laini yenu mnaitumia nyumba nne, na Mabel Stauffer anasikiliza mpaka unamsikia akitafuna. Kwa hiyo naandika.

Dhumuni hasa la barua hii ni bunduki ya Baba. Novemba anatimiza miaka sabini na saba, na mwaka jana nilimwona kwenye kambi yetu ya kuwindia siku ya kwanza ya msimu akikaanga mayai huku wanaume wengine wakitoka kwenda msituni. Mzee aliyewinda miaka sitini anakaanga mayai! Moyo uliniuma, Lamar. Mwizi aliyeiiba ile bunduki Mungu anamjua. Wala sijaelewa mpaka leo kwa nini hukwenda polisi.

Basi nimeamua kumtafutia nyingine kama ile ile, iliyotumika, ya kukoki kwa kushusha wenzo, risasi ya thelathini-thelathini, mtutu mfupi. Mpya sitaki, atasema ni ya kitoto. Niandikie kila unachokumbuka juu yake, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiisafisha.

Ni mimi dada yako mdogo,
Ardith

~

Shambani
30 Juni 1974

Ardith,

Barua yako nimeipata. Majani nimekata nusu, nusu imenyeshewa. Ng'ombe mmoja anachechemea. Baba anakula vizuri na anakusalimu. Macho ni yale yale, mtoto wa jicho haendi kokote.

Kuhusu bunduki, usisumbuke. Baba ni mzee. Kukaanga mayai si aibu, na mayai yake ni mazuri. Mnunulie redio kubwa yenye vitufe vikubwa, anapenda kusikiliza mpira wa besiboli.

Msalimie Russ. Aende kwa daktari.

Lamar

~

Erie
21 Julai 1974

Kaka Lamar,

Natumaini majani yaliyobaki yamekauka na ng'ombe amepona. Russ alikwenda kwa daktari baada ya kusoma kwamba hata wewe umemwambia, kwa hiyo asante. Kapewa mkanda wa kujifunga kiunoni, anaonekana kama mcheza mieleka aliyestaafu.

Redio sinunui. Redio Baba anayo.

Nimeanza kuzunguka. Duka la kwanza, hapa mjini, walinionyesha moja inayong'aa kama kiatu cha bwana harusi. Nikapitisha kidole pale mti unapokutana na chuma, kidole kikajikwaa. Nikamwambia muuzaji, "Bwana, hii imetiwa msasa. Mti umeshuka, chuma kimebaki juu. Na skrubu hizi nani alizifungua, kwa meno?" Akasema, "Mama, mbona unajua mambo haya?" Nikamwambia nililelewa na Elwood Klinger, na siku nyingine avae nguo safi kabla ya kunisalimu.

Ya pili niliiona kwenye mnada wa bunduki, ukumbi wa wazima moto. Mzee mmoja mwenye kofia ya majani akaniuliza, "Unamnunulia mumeo?" Nikamjibu, "Mume wangu hawezi kupiga ghala hata akiwa ndani yake." Wakacheka wote, na mimi nikapata nafasi ya kuweka karatasi nyeupe nyuma ya mtutu na kuchungulia mbele. Kutu tupu. Bomba la maji machafu ni safi kuliko ule mtutu. Akajaribu kuniambia eti ni kivuli. Kivuli chenye vipele!

Sikasiriki na wauzaji, hiyo ni kazi yao. Nimekasirika na wewe. Nimekuomba unikumbushe alama, wewe unaniambia habari za mayai. Basi nitakukumbusha mimi: Fritz alipokuwa mbwa mdogo alitafuna kitako cha ile bunduki, upande wa kushoto, meno manne juu na matatu chini. Mama alimchapa, Baba akamchapa Mama kwa maneno. Baba hakutaka alama zile zitengenezwe. Alisema akiwa gizani anaijua bunduki yake kwa kidole gumba.

Na hili jingine. Mwezi Mei nilipopita kambini kuchukua sufuria ya Mama, niliangalia ule ukuta wa vitambaa vya mashati ya waliokosa shabaha. Changu bado kipo. Nilikuwa na miaka kumi na minne, nikakosa dume la kulungu hatua thelathini tu, ukanigeuza mgongo ukanikata pindo la shati kwa mkasi wa kukatia kondoo, Baba akaandika jina langu na tarehe na akalipigilia msumari ukutani pamoja na ya wanaume. Nililia, lakini nililia kama mtu aliyehesabiwa. Sasa pale mwisho wa safu, karibu na kitambaa cha Mjomba Clete, kuna msumari usio na kitu. Nani aliyekosa halafu akakataa kukatwa shati? Katika ukoo wetu? Niambie nimcheke.

Ardith

~

Shambani
25 Agosti 1974

Ardith,

Nilichelewa kujibu kwa sababu ya kazi. Hatujambo. Mabel Stauffer kafiwa na dada yake.

Msumari ni msumari. Natundika kofia yangu hapo. Kama hata misumari sasa inakunyima usingizi, basi mkanda wa kiunoni avue Russ uvae wewe, labda utakaa sawa.

Nimekwambia usinunue bunduki. Nakwambia mara ya pili. Mimi ndiye ninayeishi na Baba. Mimi ndiye ninayemwamsha, ninayemtafutia soksi, ninayemwambia huo ni mti si mtu. Wewe unakuja mara tatu kwa mwaka na keki. Usilolijua ni kama usiku wa giza, ndugu yangu, na hapa hujui kitu.

Lamar

~

Erie
6 Oktoba 1974

Lamar,

Salamu sina. Zitafute kwa mwingine.

Jana nilikwenda Corry, kwenye duka la Bwana Odell Pruitt, karibu na reli. Mtu mpole, ana paka mnene analala juu ya kabati la risasi. Nikamwambia ninachotafuta. Akasema, "Ninayo moja, mama, lakini sikufichi, kitako kina kasoro." Akaitoa rafu ya chini, akaiweka juu ya zulia.

Sikuhitaji kuitazama. Niliweka kidole gumba. Manne juu, matatu chini.

Nilikaa kwenye kiti chake. Akadhani naumwa, akaniletea maji. Nikamwambia, "Hii ni bunduki ya baba yangu, iliibiwa." Maskini alipauka. Akafungua daftari wanalolazimishwa na serikali kumwandika kila anayewauzia bunduki, akafuata mistari kwa kidole, akaligeuza nilisome mwenyewe kwa macho yangu. Lamar E. Klinger. Anwani yenu. Sahihi yako, ile L yenye mkia. Tarehe 21 Aprili 1973.

Nikahesabu. Ilikuwa Jumamosi, siku moja kabla ya Pasaka.

Yaani ulikuwa njiani kuja kwangu! Uliipakia bunduki ya Baba garini, na Baba mwenyewe kakaa kiti cha mbele, au ulimwacha kwenye mkahawa anakunywa kahawa? Ukaiuza. Halafu ukaja ukakaa mezani pangu ukala paja langu la nguruwe. Uliomba la pili, Lamar! Ukaniuliza kama haradali nimetengeneza mwenyewe. Kisha, sahani ikiwa bado haijaondolewa, ukakunja uso ukatuambia kwamba wezi waliingia kambini wakati wa baridi. Na mimi mjinga nikakushika mkono. Nilikupa pole! Nilikufungia keki uende nayo!

Njia ya mwongo ni fupi, lakini yako ilikuwa maili mia nzima na uliinunulia petroli.

Nimeinunua. Nimeshalipa na iko hapa, chini ya kitanda. Sasa niambie kwa nini. Usiniambie ng'ombe, usiniambie majani. Ulikuwa na deni? Kuna mwanamke? Ulishindwa kumsubiri mzee afe?

Ardith

~

Shambani
13 Oktoba 1974

Ardith,

Barua yako imefika na matusi yako yote yamefika, hakuna lililodondoka njiani.

Ndiyo, niliiuza. Baba nilimwacha kwenye mkahawa. Pesa yote niliiweka kwenye sahani ya sadaka kanisani kwenu siku ile ile ya Pasaka, wewe ukiwa umekaa kulia kwangu ukiimba. Hakuna deni na hakuna mwanamke. Ungekuwepo mwanamke ungeshasikia kwa Mabel.

Nilikuwa na sababu na sikupi. Si kwamba siwezi. Sitaki. Ni jambo la mtu mwingine, na mtu huyo hajui kwamba ni lake.

Hilo la kumsubiri afe, nimelisoma mara moja nikaiweka barua jikoni juu ya jiko. Haikuungua kwa sababu jiko lilikuwa baridi. Kama Mama angekuwa hai angekuosha kinywa kwa sabuni ya kufulia.

Usiilete hapa. Iuze, itupe ziwani, mpe Russ apige ghala lake. Usiilete.

Lamar

~

Erie
20 Novemba 1974

Lamar,

Mabel Stauffer alipiga simu kuniambia umeanguka kwenye ngazi ya ghala na kuvunjika nyonga, na kwamba umelazwa Williamsport mpaka Krismasi. Pole. Nasema pole kwa sababu Mama alitufundisha kusema pole hata kwa jogoo aliyetuparura.

Mabel anampelekea Baba chakula. Kuanzia Jumamosi tarehe 30 nitakuwa naye mimi, wiki nzima. Russ atabaki na kazi yake.

Nami nakuja nayo. Nimeisafisha, nimeipaka mafuta, skrubu zote ni zake za asili na mtutu unang'aa kama mwezi. Umeona? Hukuitunza tu siku zile, uliitunza vizuri, ndiyo maana nashindwa kukuelewa na ndiyo maana nimekasirika zaidi. Jumapili nitamkabidhi. Jumatatu, siku ya kwanza ya msimu wa dume, atakaa kwenye kiti chake chini ya ule msonobari mkubwa, bunduki yake mapajani, kama mtu. Wewe kaa hapo na bandeji zako.

Usipige simu. Nimemwambia Russ aseme sipo.

Ardith

~

Hospitali, Williamsport
28 Novemba 1974, Sikukuu ya Shukrani

Ardith,

Nimepiga simu mara mbili kutoka korido, muuguzi akinisukuma kwenye kiti cha magurudumu. Mara zote mbili Russ kasema hupo, na mara ya pili nilikusikia ukimwuliza ni nani. Siwezi kumwambia shemeji habari za Baba mbele ya wagonjwa wanaosubiri zamu ya simu. Mabel naye ningemwambia, kaunti nzima ingejua kabla ya chakula cha mchana. Kwa hiyo naandika, na leo posta imefungwa. Muuguzi ameniahidi itaondoka kesho asubuhi. Ikikufikia Jumamosi kabla hujatoka, soma ukiwa umesimama, halafu rudi ndani uirudishe hiyo bunduki chini ya kitanda.

Msimu wa mwaka 1972, siku ya kwanza, nilimpeleka Baba kwenye kiti chake, nikazunguka nyuma ya kilima niwasukume kulungu wamshukie. Tumefanya hivyo miaka ishirini. Theluji ilikuwa inaanguka laini. Nilivaa lile koti langu jekundu la sufu, jekundu kabisa, Ardith, unalijua, hata ng'ombe wanalijua. Nilishuka bondeni nikapita kwenye uwazi, hatua sitini kutoka kwake, nikainua mkono kumwonyesha kwamba ni mimi.

Akapiga.

Nilisikia koti likivutwa nyuma, kama mtoto anavyokuvuta kanisani. Nikaanguka. Nilifikiri nimekufa, nikashangaa kwamba kufa ni baridi tu. Kisha nikasikia wenzo ukienda chini na kurudi, anakoki ya pili. Nikapiga kelele sijui nikisema nini. Risasi ilikuwa imepita kwenye pindo la koti, tundu moja la kuingilia na moja la kutokea, inchi mbili kutoka uti wa mgongo.

Nilipomfikia alikuwa amesimama, anatetemeka kwa furaha. Akaniuliza, "Nimempata?" Ardith, alikuwa anacheka. Uso wake ulikuwa wa miaka thelathini iliyopita. Nikamwambia, "Umekosa, Baba. Dume kubwa, limekimbilia kijitoni." Akasema, "Nilimwona mwekundu-mwekundu hivi." Nikasema ni jua. Jua halikuwepo.

Basi ningemwambia nini? Baba, umempiga mwanao? Angekufa kabla ya chakula cha jioni. Na kumwambia tu kwamba macho yamekwisha, aache, nilijaribu, aliniambia mimi ndiye kipofu. Nikaona bora bunduki iibiwe. Mtu anaweza kumlaani mwizi maisha yake yote na bado akalala vizuri.

Umeniita mwongo, ni kweli. Umeniita mwizi, ni kweli pia. Lakini lile la kusubiri afe silitoi moyoni upesi. Mimi nilikuwa natafuta namna aendelee kuishi bila kujua.

Nina hasira na wewe mpaka bandeji zinabana. Na naogopa. Jumatatu hiyo sitaki hata kuiwazia, wewe umevaa koti lako jekundu na kumletea kahawa.

Lamar

~

Nyumbani kwa Baba
6 Desemba 1974

Kaka Lamar,

Natumaini nyonga inaunga na chakula cha hapo si kibaya kama Mabel anavyodai. Ng'ombe wako wazima, jirani anawakamua. Baba hajambo, kakaa hapa mezani ananisikiliza nikiandika, na kila mstari ananiuliza nimeandika nini.

Barua yako haikuniwahi. Ilifika Erie Jumatatu, Russ akaituma tena huku, nimeisoma jana jikoni. Nilipofika pale kwenye wenzo kwenda chini na kurudi ilibidi nikae. Nimeisoma nikiwa nimeshajua, na bado ilibidi nikae.

Sikiliza ilivyokuwa.

Jumapili baada ya chakula nilimwekea mapajani, imefungwa kwenye blanketi. Hakufungua kwa macho, alifungua kwa mikono. Kidole gumba kikaenda kwenye kitako, kikasimama. Akahesabu kwa sauti, "Moja, mbili, tatu, nne." Akashusha wenzo akaurudisha, mara tatu, haina kitu ndani. Nilitegemea atacheka. Uso wake ukawa kama mlango uliofungwa.

"Umeitoa wapi?"

"Corry, dukani."

"Aliyeiuza ni Lamar."

Hakuuliza, alisema. Nikajibu, "Ndiyo, Baba, na mimi nitamshughulikia."

Akapiga meza kwa kiganja mpaka vikombe vikaruka. "Wewe humshughulikii mtu! Nipeleke kambini. Chukua mkasi wa kondoo."

Nikamwambia theluji, nikamwambia kesho, akawa ameshavaa kofia. Tulikwenda na mnyororo kwenye matairi, yeye na bunduki katikati ya magoti. Kambini hakuwasha hata jiko. Akaenda moja kwa moja kwenye ukuta wa vitambaa, akapapasa safu yote mpaka mwisho, mpaka msumari ule. Akavua koti. Akatoa shati nje ya suruali, akanigeuzia mgongo.

"Kata."

"Baba, umekosa nini?"

"Nilimkosa kaka yako."

Nikadhani amechanganyikiwa. Ndipo akaniambia yote, Lamar, akiwa amenigeuzia mgongo hivyo hivyo, mikono ukutani. Alipiga, akasikia mtu akilia kwa sauti ya mwanawe. Alipokuja huyo mwanawe akamwambia ni dume, akajilazimisha kucheka. Anasema ule ulikuwa uwongo wake yeye pia, usifikiri ni wako peke yako. Alitaka kuamini. Njia nzima ya kurudi alijiambia, labda ni dume kweli, labda masikio nayo yamezeeka.

"Lakini hakunikata shati," akasema.

Sikuelewa. Akageuka, na machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta, alikuwa na hasira mno.

"Miaka sitini, Ardith! Hakuna mtu aliyekosa dume katika kambi hii akabaki na shati zima. Nilimkata Clete siku ya harusi yake. Wewe ulikatwa una miaka kumi na minne unalia. Kama ningekuwa nimekosa dume, Lamar angekuja mbio na mkasi, anacheka. Alikuja akanifunga vifungo vya koti. Akanishika mkono nishuke kilima, kama bibi kizee. Ndipo nikajua nimepiga nini."

Jioni ile ile, wewe ulipokwenda kuchota maji, alipigilia msumari kwa kupapasa. Ananionyesha kidole alichojigonga, kucha haijanyooka mpaka leo. Alikuwa anangoja uuone. Alitaka uje na mkasi useme, Baba, umekosa, geuka. Basi angegeuka, na angekukabidhi bunduki mwenyewe kwa mikono miwili, mbele ya watu, na angekaanga mayai yake kama mtu aliyekosa akahesabiwa. Badala yake ukamwibia. Anasema miaka miwili umemtazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni yasifurike.

Nilikata. Pindo limetoka upande. Nikachukua kalamu, nikamwuliza niandike nini, maana wengine wote wameandika pembe ngapi na hatua ngapi. Akasema, "Andika Elwood Klinger. Tarehe 27 Novemba 1972. Lamar, hatua sitini. Mungu ashukuriwe." Nimeandika hivyo hivyo. Kiko ukutani.

Jumatatu bunduki nilishika mimi. Alikaa kando yangu chini ya msonobari na chupa ya kahawa, akisikiliza. Hatukupata kitu, na hatukukosa kitu.

Sasa zamu yangu. Lile nililosema la kusubiri afe, nalirudisha kinywani. Nalila kavu, bila haradali. Lakini usifikiri hasira imekwisha. Ungeniambia, Lamar! Mimi ningekusaidia kubeba. Nimekutukana miezi minne kwa jambo ambalo ungelisema kwa mistari miwili, na wewe uliniacha nitukane. Ulitaka kuwa shujaa peke yako, ukamgeuza Baba mtoto na mimi mjinga, na karibu tuuane kwa adabu.

Jumapili ijayo barabara zikisafishwa tunakuja kukuona, mimi na yeye. Anataka ukipona ulitoe lile koti lenye matundu unapolificha. Nimemwambia ukweli kwamba hata mimi sijui liko wapi. Anasema chini ya godoro lako, ameshaligusa.

Hapo nilitaka kufunga barua, lakini ananivuta mkono. Anataka niandike maneno yake kama alivyoyasema, nisiyapunguze.

Anasema: "Mwambie nilipigilia msumari ule jioni, kesho yake asubuhi akatundika kofia. Miaka miwili nikiingia kambini napapasa kama kuna mkasi, nakuta kofia. Sasa akipona, kofia yake atafute pengine."

Ardith